Sekunde saba za Überlingen: rubani anapopewa amri mbili zinazopingana

Usiku wa Julai 1, 2002, ndege mbili kubwa ziligongana juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, kando ya ziwa Bodensee. Watu wote 71 waliokuwamo walikufa. Kila ndege ilikuwa na mtambo wa kuepusha migongano, ambao marubani wanauita tikasi (TCAS), na mitambo yote miwili ilikuwa mizima. Ilionana, ikapatana nani apande na nani ashuke, ikatoa amri sekunde 36 kabla ya mgongano. Ndege moja ilitii. Nyingine ilifuata sauti ya mwongoza ndege aliyekuwa ardhini, nayo ikashuka. Zikashuka pamoja zaidi ya futi 1,000, hadi zikakutana.

Tume ya Ujerumani ya kuchunguza ajali za ndege, BFU, ilitoa ripoti yake Mei 2004. Marubani wanaendelea kukisoma kisa hiki darasani kwa sababu kosa lililofanyika si la mzembe wala la mjinga. Ni kosa ambalo mtu mzoefu, mtulivu na mwenye nia ya kuokoa abiria wake anaweza kulifanya, kama hajafundishwa mapema ni sauti gani ya kuishika pale sauti mbili zinapomjia kwa pamoja.

Ndege mbili, mwinuko mmoja

Ya kwanza ilikuwa Tupolev 154M ya shirika la Bashkirian Airlines, safari namba 2937, kutoka Moscow kwenda Barcelona. Ilibeba abiria 60, wengi wao watoto na vijana kutoka mji wa Ufa waliokuwa wanakwenda likizo, pamoja na wafanyakazi 9. Katika chumba cha marubani walikuwamo watu watano. Kiti cha kushoto alikaa nahodha aliyekuwa anapimwa. Kiti cha kulia alikaa mkufunzi wake, ambaye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya safari. Navigeta na injinia wa ndege walikuwa kwenye nafasi zao, na nyuma yao alikaa rubani msaidizi ambaye usiku ule hakuwa na kazi rasmi. Ukumbuke huyu wa nyuma.

Ya pili ilikuwa Boeing 757 ya mizigo, DHL 611, iliyotoka Bahrain, ikatua Bergamo, Italia, na sasa ilikuwa inaelekea Brussels. Humo walikuwamo marubani wawili tu.

Tupolev ilikuwa inaelekea magharibi, Boeing kaskazini. Njia zao zilikatana karibu kwa pembe mraba, na zote mbili zilikuwa kwenye mwinuko wa futi 36,000. Ingawa zilikuwa juu ya ardhi ya Ujerumani, kipande hicho cha anga kilisimamiwa na kituo cha Zurich, Uswisi. Kwa hiyo zote mbili zilikuwa mikononi mwa mwongoza ndege mmoja.

Zurich, saa tano na nusu usiku

Kituo kile kilikuwa na waongoza ndege wawili zamu ya usiku. Mmoja alikwenda kupumzika, jambo ambalo uongozi ulikuwa umelivumilia kwa miaka mingi kila msongamano wa ndege ulipopungua. Aliyebaki alikuwa na vioo viwili vya rada na masafa mawili ya redio, na alikuwa akihama kutoka kiti kimoja hadi kingine. Kwenye kioo kimoja alizisimamia ndege zinazopita juu. Kwenye cha pili alikuwa na Airbus iliyochelewa, inayotaka kutua Friedrichshafen.

Usiku huohuo mafundi walikuwa wanarekebisha mfumo. Rada ilikuwa inafanya kazi kwa hali ya akiba, na onyo la macho, lile ambalo humulika kwenye kioo ndege mbili zinapokaribiana kupita kiasi, lilikuwa limezimwa. Onyo la sauti lilibaki. Lililia sekunde 32 kabla ya mgongano, na hakuna aliyelisikia. Simu kuu za moja kwa moja kwenda vituo jirani zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya matengenezo, na laini ya akiba ilikuwa mbovu. Mwongoza ndege alipojaribu kuwapigia Friedrichshafen kuwakabidhi ile Airbus, hakuwapata, akaendelea kuhangaika na simu huku muda ukimwishia.

Mwongoza ndege wa Karlsruhe, Ujerumani, aliiona hatari kwenye kioo chake, kwa kuwa onyo lake lilikuwa linafanya kazi. Alipiga simu Zurich mara 11. Haikuingia hata mara moja.

Ni rahisi kuishia hapa na kusema chanzo ni Zurich. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani mameneja wanne wa kampuni ya uongozaji ndege kwa kusababisha vifo kwa uzembe, na ilistahili. Lakini tikasi iliwekwa ndani ya ndege kwa ajili ya usiku kama huo hasa: pale kila kitu cha ardhini kinaposhindwa. Kwa rubani, uchambuzi wenye faida unaanzia hapo.

Mtambo unajua nini ambacho mtu wa ardhini hakijui

Tikasi haitegemei rada ya ardhini. Ndege hubeba antena juu na chini ya kiwiliwili, na kompyuta ya tikasi huuliza transponda za ndege jirani, yaani vifaa vyao vya kujibu kwa redio, kwa masafa ya megahezi 1030, nazo hujibu kwa megahezi 1090. Swali na jibu hurudiwa takriban kila sekunde. Kutokana na muda ambao jibu linachukua, mtambo unapata umbali. Mwinuko huletwa ndani ya jibu lenyewe. Uelekeo hupatikana kwa antena, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: unakosea kwa digrii kadhaa. Ndiyo sababu tikasi haimwambii rubani akate kushoto au kulia. Inaamuru kupanda, kushuka, au kutobadili mwinuko, basi.

Kinachohesabiwa zaidi ni muda, kuliko hata umbali: zimebaki sekunde ngapi ndege hizi zikaribiane kabisa. Juu ya futi 20,000 tahadhari ya kwanza hutoka zikiwa zimebaki kama sekunde 48, na amri ya kukwepa zikiwa zimebaki kama 35. Tahadhari marubani wanaiita TA. Kwenye kioo alama ya ndege ya pili hugeuka duara la njano na sauti husema "Traffic, traffic". Amri wanaiita RA. Duara linakuwa mraba mwekundu, sauti inasema "Climb, climb" (panda) au "Descend, descend" (shuka), na kwenye kipimo cha kasi ya kupanda na kushuka sehemu ya kukwepwa inapakwa rangi nyekundu, na kijipande cha kijani kinaonyesha mshale uwekwe wapi. Kwa amri ya kawaida ya kupanda, kijani huanzia futi 1,500 kwa dakika na kuishia 2,000. Kila kitu chini ya hapo ni chekundu.

Sasa jambo lenyewe. Ndege zote mbili zikiwa na tikasi, mitambo hiyo haiamui kila mmoja kivyake. Wa kwanza kuchagua kupanda humtumia mwenzake ujumbe kupitia transponda kwamba juu kumechukuliwa, na mwenzake analazimika kuchagua chini. Ikitokea yote miwili imechagua upande mmoja kwa wakati mmoja, namba za utambulisho za transponda zinaamua: yenye namba kubwa inabadilisha. Kwa hiyo RA inapolia masikioni mwako, nyuma yake kuna mapatano yaliyokwisha kufungwa na ndege ya pili. Mwongoza ndege hayajui mapatano hayo. Mwaka 2002 hakuwa na njia yoyote ya kuyaona kwenye kioo chake, na picha ya rada yake hujisahihisha baada ya sekunde kadhaa, wakati hapa kila sekunde ina thamani.

Sekunde 50 za mwisho

Saa zilizotumika hapa chini ni za Ujerumani, usiku.

Saa 5:34:42, TA inalia katika ndege zote mbili. Marubani wa Tupolev walikuwa wamekwisha kuiona alama ya ndege ile kwenye kioo chao na walikuwa wanaizungumzia. Ndani ya Boeing, nahodha alikuwa peke yake kwenye usukani kwa muda mfupi, maana mwenzake alikuwa amemkabidhi ndege ili aende msalani nyuma ya chumba.

Saa 5:34:49, mwongoza ndege wa Zurich anaitambua hatari. Anaiamuru Tupolev ishuke haraka hadi futi 35,000, kwa kuwa kuna ndege inayokatiza. Amri hiyo ilichelewa: umbali uliotakiwa kati ya ndege hizo mbili ulikuwa hauwezi tena kulindwa. Wafanyakazi wa Tupolev hawakuijibu kwa redio, lakini rubani alianza kusukuma usukani.

Saa 5:34:56, sekunde 7 baadaye, tikasi ya Tupolev inasema panda. Wakati uleule ya Boeing inasema shuka. Nahodha wa Boeing anaondoa otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, na kuanza kushuka, kama alivyofundishwa. Ndani ya Tupolev, rubani msaidizi aliyekaa nyuma anasema kwa sauti kwamba mtambo unasema kupanda. Mkufunzi anajibu kwamba yule wa ardhini anawaelekeza chini. Msaidizi anauliza tena, kama mtu asiyeamini: kushuka?

Saa 5:35:03, sekunde 7 nyingine, mwongoza ndege anarudia amri yake kwa sababu mara ya kwanza hakujibiwa. Safari hii anajibiwa. Anaongeza kwamba ndege nyingine iko upande wa saa mbili, yaani mbele kulia. Alikosea. Boeing ilikuwa inakuja kutoka kushoto, upande wa saa kumi. Marubani waliokuwa wanatafuta taa gizani waliambiwa wazitafute mahali pasipokuwa na kitu, na huenda wengine walidhani kuna ndege ya tatu. Baada ya jibu lile mwongoza ndege aliamini mambo yamekwisha. Akairudia Airbus ya Friedrichshafen.

Saa 5:35:10, tikasi ya Boeing inaongeza nguvu: ongeza kasi ya kushuka. Saa 5:35:19 wafanyakazi wa Boeing wanatangaza redioni kwamba wanashuka kwa amri ya tikasi. Mwongoza ndege hakulisikia tangazo hilo. Saa 5:35:24 tikasi ya Tupolev nayo inaongeza nguvu: ongeza kasi ya kupanda. Rubani msaidizi anasema tena kwamba inasema kupanda. Saa 5:35:32, kwenye futi 34,890, mkia wa wima wa Boeing ulipita kwenye kiwiliwili cha Tupolev upande wa kushoto, karibu na bawa. Tupolev ilivunjika vipande angani. Boeing, iliyopoteza sehemu kubwa ya mkia huo, iliruka kama dakika mbili zaidi, kisha ikaanguka msituni karibu na Taisersdorf, kilomita 7 hivi kutoka pale.

Kwa nini walishuka

Ukiisoma orodha hiyo ya saa umekaa kwenye kiti chako, jibu ni jeupe. Kwa aliyekuwa kiti cha kulia cha Tupolev halikuwa hivyo.

Kwanza, amri ya mwongoza ndege ilimfikia mapema. Sekunde 7 ni muda wa kutosha kwa mikono kuanza kazi: otopailoti imeondolewa, usukani umesukumwa, mwili umeshahisi ndege inainamisha pua. Kumwambia mtu aliyekwisha kuanza kushuka apande ni kumtaka akiri kwamba hatua aliyoichukua sasa hivi ilikuwa ya makosa, akiwa na sekunde tano. Kama RA ingelia kwanza, inawezekana kabisa wangepanda. Mpangilio wa sauti mbili tu uliwafunga.

Pili, ile amri ya kwanza ilirudiwa, tena kwa msisitizo, na mtu anayesikika kuwa na uhakika. Mtambo ulisema, mtu akasema mara mbili. Rubani amezoea miaka yote kwamba mwongoza ndege ana picha nzima ya anga na yeye ana kipande tu.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, vitabu vilimpa ruhusa. Kitabu cha uendeshaji wa Tu-154 kilisema kwamba katika kuepusha mgongano, kuangalia kwa macho na kutekeleza sawasawa maelekezo ya mwongoza ndege ndiyo mambo ya kwanza, na tikasi ni kifaa cha ziada. Mwongozo wa mtengenezaji wa tikasi nao uliielezea kama msaada wa nyuma wa mfumo wa uongozaji ndege. Maandishi ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hayakuwa na sentensi moja iliyonyooka inayosema: zikipingana, fuata tikasi. Rubani wa Boeing alifundishwa hivyo, wa Tupolev hakufundishwa. BFU iliandika waziwazi kwamba kanuni hazikuwa za aina moja, zilikuwa na mapengo, na mahali pengine zilipingana zenyewe.

Nne, aliyekuwa sahihi alikuwa amekaa mahali pasipo na mamlaka. Rubani msaidizi aliona, akasema, akarudia. Hakuwa na usukani, wala kazi rasmi, na mbele yake walikaa nahodha na mkufunzi. Chumba chenye watu watano hakikuwa salama kuliko chenye wawili. Kwa mtazamo wetu hapa ndipo mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege yanapaswa kukaza: neno RA likitamkwa na mtu yeyote chumbani, cheo chake hakihusiki.

Utii wa upande mmoja

Watu wengi wanapokisikia kisa hiki husema kwamba kama ndege zote mbili zisingekuwa na tikasi, Boeing ingebaki futi 36,000, Tupolev ingeshuka, na zingepishana. Kwa usiku ule mmoja hilo lina ukweli ndani yake, ila linachukuliwa vibaya. Tikasi ni ahadi ya pande mbili. Pande zote zikitii, ndege zinaachana kwa kasi ya futi 3,000 kwa dakika, kila moja 1,500 upande wake. Upande mmoja ukikataa kutembea lakini ukabaki kwenye mwinuko wake, mwingine bado anajiokoa peke yake, kwa nusu ya nafasi. Balaa hutokea pale upande mmoja unapofanya kinyume. Hapo unakimbilia palepale mwenzake mtiifu alipotumwa kwenda, na kadiri mtiifu anavyotii ndivyo hatari inavyozidi. Ndiyo sababu kanuni ya leo ina makatazo mawili yenye uzito tofauti: usipuuze RA, na kamwe usiende kinyume chake, hata kama unadhani unaiona ndege ya pili kwa macho. Usiku taa huoni ziko mbali kiasi gani wala juu au chini kiasi gani, na taa unazoziona zinaweza kuwa za ndege nyingine kabisa.

Onyo lilikuwa limetangulia. Januari 31, 2001, juu ya bahari karibu na Yaizu, Japani, mwongoza ndege aliyekuwa mafunzoni alichanganya namba za safari mbili za Japan Airlines, 907 na 958. Boeing 747 iliamriwa ishuke huku tikasi yake ikisema panda. DC-10 iliambiwa na tikasi yake ishuke, ikashuka. Nahodha wa 747 aliendelea kushuka. Waliokolewa na macho na mkono wa dakika ya mwisho, na kama watu 100 waliumia kwa jinsi ndege ilivyoinamishwa ghafla. Ni Überlingen ileile, miezi 17 kabla, ila hii haikuua. Kanuni hazikubadilishwa kwa wakati.

Zilibadilishwa Novemba 2003. Taratibu za ICAO sasa zinasema bila kuzunguka: RA inafuatwa hata pale inapopingana na maelekezo ya mwongoza ndege.

Mikono inafanya nini

TA ikilia, ndege haihamishwi. Anayeendesha anaweka mikono kwenye usukani, anaangalia kipimo chake, na kutaja nani anaendesha. Anayesaidia anaitafuta ndege nje bila kuacha kusikiliza. Kukata kona kwa kuangalia alama kwenye kioo ni kosa la mara kwa mara, na ni la hatari, kwa sababu ya ule uelekeo usioaminika.

RA ikilia, otopailoti inaondolewa, na kwenye ndege za Airbus zisizo na tikasi iliyounganishwa na otopailoti, vielekezi vya kuruka vya pande zote mbili vinazimwa ili visimvute rubani kwenye njia ya zamani. Programu ya mtambo inachukulia kwamba rubani ataanza kuitikia ndani ya sekunde 5, kwa mvuto wa robo ya uzito wa kawaida. Huo ni mkono mpole. Kwenye mwinuko wa safari, kupata futi 1,500 kwa dakika ni kubadili pua kwa kama digrii 2 tu. Karibu na kutua, ambapo mwendo ni mdogo, inaweza kufika digrii 5 au 6. Amri ikikazwa au ikigeuzwa, muda unapungua hadi sekunde 2 na nusu, na mkono unatakiwa uwe mzito kidogo.

Kosa la kupitiliza lina bei yake. Mshale unawekwa kwenye kijani, haurushwi kuuvuka. Katika anga ambalo ndege zinatenganishwa kwa futi 1,000, rubani anayepanda futi 4,000 kwa dakika kwa hofu ataingia kwenye mwinuko wa ndege ya tatu kabla hajasikia "Clear of conflict", yaani hatari imekwisha, na wahudumu waliosimama kwenye korido watagonga dari. Kosa la pili lilihusu matamshi: amri ya zamani iliyowataka marubani warekebishe kasi ya wima ilikuwa na maana ya kuipunguza, lakini wengine waliiongeza. Toleo la 7.1 la tikasi limeitoa na kuweka "Level off, level off", yaani usipande wala usishuke. Ulaya ililazimisha toleo hilo kwa ndege zote zinazohusika kuanzia Desemba 1, 2015.

Kuna jambo dogo linalozuia RA nyingi zisizo za lazima: kupunguza kasi ya kupanda au kushuka isizidi futi 1,500 kwa dakika katika futi 1,000 za mwisho kabla ya kufika mwinuko uliopewa. Mtambo haujui kwamba unakusudia kusimama. Unaona mwendo tu.

Amri chache zina nguvu kuliko RA: onyo la ndege kupoteza uwezo wa kuelea, onyo la upepo wa ghafla wa kukata, na onyo la ardhi. Chini ya futi 1,000 kutoka ardhini tikasi yenyewe inaacha kutoa RA, na amri ya kushuka inazuiwa mapema kidogo, karibu futi 1,100.

Redio inakuja baada ya mikono. Maneno ni mafupi: jina la safari, kisha "TCAS RA". Tangu hapo mwongoza ndege hana haki ya kuibadilishia ndege hiyo njia wala mwinuko. Anajibu "Roger" na kuwaarifu wengine. Wafanyakazi wa Boeing ile walilisema hilo sekunde 23 baada ya amri. Hawakukosea katika kuruka. Ila lingesemwa katika sekunde tano za kwanza, na likasikika, Tupolev ingeweza kuambiwa ipande.

Mahali ambapo tikasi haikusaidii

Mtambo huu unaona transponda tu. Septemba 29, 2006, juu ya Amazon, Brazili, ndege ndogo ya Embraer Legacy iliyokuwa na transponda isiyotoa majibu iligongana na Boeing 737 ya Gol kwenye futi 37,000. Watu 154 wa Boeing walikufa. Tikasi ya 737 haikupiga hata TA, kwa sababu kwake anga lilikuwa tupu.

Kwa Afrika Mashariki hili si jambo la mbali. Kiwango cha ICAO kinazitaka ndege za injini za tabaini zenye uzito wa kupaa unaozidi kilo 5,700, au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19, ziwe na tikasi. ATR na Dash 8 za safari za ndani zinaingia humo. Cessna Caravan, ambayo ndiyo inayobeba watalii kwenda viwanja vya vumbi vya Serengeti na Maasai Mara, haifiki kilo 4,100 na iko nje ya kiwango hicho. Rubani wa ATR anayeshuka kwenye anga wanamopita Caravan nyingi anapata RA kwa upande wake tu. Hakuna mapatano ya mitambo miwili, kwa kuwa mmoja haupo, na wa Caravan anaweza asijue kabisa kwamba mwenzake anakwepa. Na juu ya sehemu za Afrika ambako rada ni chache, Kongo ikiwemo, marubani bado wanatangaza wenyewe nafasi na mwinuko wao kwenye masafa ya 126.9, kila mmoja akiwasikiliza wenzake. Huko tikasi ni ukuta wa pili, na wa mwisho.

Toleo la 7.1 lilibeba pia sahihisho lililotokana moja kwa moja na Überlingen. Toleo la wakati ule liliweza kugeuza amri katikati ya safari, lakini si pale ndege mbili zinaposhuka pamoja zikiwa karibu kwenye mwinuko mmoja, tofauti yao ikiwa chini ya futi 100. Ndivyo zilivyokuwa ndege hizi mbili. Sasa mtambo unaangalia kama mwenzake anafanya kinyume cha mapatano, na ukiona hivyo unamgeuzia amri yule mtiifu: aliyekuwa anashuka anasikia "Climb, climb NOW". Rubani ana sekunde 2 na nusu za kuvuta usukani kuelekea kule alikokatazwa muda mfupi uliopita, na katika simuleta nzuri zoezi hilo hufanywa huku mkufunzi, kwa sauti ya mwongoza ndege, akimwambia ashuke. Jibu linalotakiwa ni moja: "Unable, TCAS RA", yaani siwezi, nafuata tikasi, na mikono isisubiri jibu limalizike.